Kamera Kuukuu Chini ya Mlima Meru

Kamera ya kupigia picha anga haifi kama wengi wanavyodhani. Kioo chake hakichoki upesi, na kipande cha silikoni kinachopokea mwanga kinaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi. Kinachotangulia kufa ni draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuielewa kamera. Mwenye kamera ananunua kompyuta mpya, mfumo endeshi unabadilika, kiwanda kinanyamaza, na kamera nzima isiyo na hata mkwaruzo inaishia kabatini.

Hii ni historia ya watu waliokataa kuziacha kamera hizo kabatini. Inaanzia Marekani, inapita Uholanzi, Ufaransa na Kuwait, inagusa Dar es Salaam, kisha inafika Arusha, mji ambao vifaa vingi vya sayansi huupata vikiwa vimekwisha kutumiwa na wengine. Mji wa namna hiyo una haki ya kuijua historia hii kuliko mji wowote unaonunua vipya kila mwaka.

Silikoni ya 1969, amri ya 1974

Oktoba 1969, katika maabara ya Bell Labs huko New Jersey, Willard Boyle na George Smith walichora mpango wa kifaa cha kuhifadhi na kuhamisha chaji za umeme juu ya silikoni. Kifaa hicho ndicho CCD. Mwanga ukikiangukia hugeuka kuwa chaji, chaji hupangwa kwa mistari, na kila mstari husomwa kama namba. Mwaka 1976 James Janesick na Bradford Smith walikifunga kwenye darubini huko Arizona wakapata picha ya sayari ya Uranus. Miaka 40 baada ya ule mchoro, mwaka 2009, Boyle na Smith walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Nguvu ya CCD ilikuwa katika hesabu. Filamu ya picha hupoteza sehemu kubwa sana ya mwanga unaoifikia. CCD huukamata mwingi zaidi, tena huutoa ukiwa namba zinazoweza kujumlishwa na kusafishwa. Lakini namba zinahitaji kompyuta, na hapo ndipo njia ya Tanzania ilipojitenga na njia ya dunia. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya mradi wa kutumia mashine katika hesabu za Hazina kuleta hasara na wakati nchi ikibana fedha za kigeni. Kibali kilipatikana kwa nadra. Amri hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa hiyo wakati wanaastronomia wa Ulaya na Marekani wakihama kutoka filamu kwenda silikoni, mwanafunzi wa Arusha alikuwa na anga zuri na hakuwa na mashine ya kulihesabu. Mlango ulipofunguka, kompyuta nyingi zilizoingia zilikuwa za mtumba. Jambo hilo lilionekana kuwa la bahati mbaya. Baadaye lingekuwa sababu ya kuzitazama programu huria kwa jicho la karibu.

Kamera ya mezani yageuzwa jicho la darubini

Kamera za kwanza za CCD kwa watu wa kawaida zilikuwa ghali. Mwaka 1994 Richard Berry, Veikko Kanto na John Munger walichapisha kitabu kilichomfundisha msomaji kujitengenezea ya kwake kwa mikono. Mwaka huohuo kampuni ya Connectix ilitoa QuickCam, kamera ndogo ya mviringo ya kuweka juu ya meza, kwa takriban dola 100. Ilitoa picha za kijivu zisizo na rangi, nayo ilikusudiwa kuonyesha nyuso za watu kwenye kompyuta. Kwa wapenzi wa anga, ndani yake kulikuwa na CCD ya bei rahisi, na hilo likawatosha. Mwaka 1998 wakaunda kundi lao, QCUIAG, la kubadilishana maarifa ya kuzitumia kamera za mezani kwa kazi ambazo viwanda havikuzikusudia.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja kamera iliyopendwa kuliko zote, Philips ToUcam Pro. Ndani yake kulikuwa na CCD ya Sony yenye pikseli 640 kwa 480. Ukiifungua lenzi yake kwa kuizungusha na kuweka mahali pake bomba la inchi 1.25, kamera inaingia kwenye darubini palepale pa kuwekea jicho. Halafu inarekodi video ya sayari.

Kwa nini video? Hewa inayotuzunguka haitulii, hivyo sura ya Mushtari hutetemeka na kufifia. Katika mamia ya picha zilizopigwa haraka, chache huangukia kwenye nukta ambayo hewa imetulia. David Fried alikwisha kukokotoa uwezekano huo mwaka 1978. Mholanzi Cor Berrevoets aliandika programu ya Registax, inayochambua video, kuchagua picha kali, kuzipanga na kuzijumlisha kuwa moja. Ghafla darubini ya uani ikaanza kutoa picha za mikanda ya Mushtari na mgawanyiko wa pete za Zohali ambazo kizazi kilichotangulia kiliziona kwa nadra, tena kwa darubini kubwa.

Kwa nyota hafifu na nebula, video haikutosha, kwa kuwa kamera ya mezani haikuruhusu mwanga ukusanyike hata kwa sekunde moja. Mwingereza Steve Chambers akapata dawa: kukata waya mahali maalumu ndani ya kamera, kuunganisha saketi ndogo, na kuiamuru kupitia tundu la zamani la printa isubiri sekunde nyingi kabla ya kusoma picha. Mabadiliko hayo, yaliyoitwa kwa herufi za jina lake, SC, yalifanywa na watu wengi wenye chuma cha kulehemu na mkono usiotetemeka.

Agosti 2004

Hapa ndipo kisa kilipokaza. Video ya pikseli 640 kwa 480, picha 30 kwa sekunde, ni zaidi ya megabiti 100 kila sekunde. Waya wa USB wa kamera hizo uliweza megabiti 12. Philips ikatatua tatizo kwa kuibana video ndani ya kamera, na njia ya kuibana ikabaki siri ya kampuni.

Mwanaprogramu mmoja aliyejiita Nemosoft Unv. alikuwa akiuandikia mfumo endeshi huria wa Linux draiva ya kamera hizo tangu mwaka 1999. Alikuwa ameahidi kutotoa siri za kiwanda, hivyo kazi yake ilikuwa na vipande viwili. Cha kwanza, pwc, kilikuwa huria na kilikaa ndani ya kiini cha Linux. Cha pili, pwcx, kilichojua kuibanua video, kilitolewa kikiwa kimefungwa, bila mtu kuweza kusoma kilichomo. Bila hicho cha pili, kamera ilitoa picha ndogo tu.

Agosti 2004 Greg Kroah-Hartman, aliyesimamia upande wa USB katika Linux, aliondoa kiungo kilichokiruhusu kipande kilichofungwa kujipachika. Msimamo wake ulikuwa kwamba kiini huria hakipaswi kuweka mlango kwa ajili ya msimbo ambao hakuna anayeweza kuusoma wala kuurekebisha. Nemosoft akajibu kwa kutaka draiva yake yote iondolewe, nayo ikaondolewa. Watumiaji wa kamera za Philips kwenye Linux, wakiwemo wapiga picha wa sayari, walijikuta na kamera nzima zisizo na mkalimani.

Kila upande ulikuwa na hoja. Nemosoft alikuwa amejitolea miaka mingi bila malipo na alikuwa ametoa ahadi. Kroah-Hartman alikuwa akilinda kanuni iliyoifanya Linux iwe Linux. Lakini mtumiaji ndiye aliyebaki na kilio, na chanzo cha kilio chake kilikuwa kimoja: ufunguo wa kifaa alichokinunua haukuwa mikononi mwake.

Aliyekata fundo alikuwa Mfaransa Luc Saillard. Alikichunguza kipande kilichofungwa hatua kwa hatua, akaielewa njia ya kuibanua video, akaiandika upya kwa msimbo unaosomeka. Mjadala kuhusu njia aliyoitumia ulikuwepo, lakini msimbo huo hatimaye uliingia katika kiini cha Linux na umo mpaka leo. Ukifungua jalada la draiva hiyo utakuta faili zinazoitwa Nala, Timon na Kiara, majina ya wahusika wa katuni za The Lion King. Mtu wa Arusha, anayeishi mwendo mfupi kutoka mbuga za simba, anaweza kuyasoma majina hayo kwa furaha. Muhimu zaidi, anaweza kuusoma msimbo wote uliomo.

Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa katika kazi ya namna moja na hiyo. Mradi wa Kilinux ulitoa mwezi Desemba programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, Jambo OpenOffice. Haikuhitaji ruhusa ya kiwanda chochote, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi kwa kila mwenye nia. Mfaransa alifufua kamera, Watanzania wakaipa kompyuta lugha yao, na wote walitumia haki ileile ya kufungua, kusoma na kubadilisha.

Daktari mmoja, kamera mamia

Baada ya hapo kazi ikaharakishwa. Daktari wa tiba wa Ufaransa, Michel Xhaard, aliandika katika muda wake wa ziada draiva za kamera zaidi ya 200 za viwanda mbalimbali. Kazi yake, ikiendelezwa na Jean-François Moine, iliingia katika Linux mwaka 2008 kwa jina la gspca. Mwaka huohuo iliingia draiva ya Laurent Pinchart ya kamera zote zinazofuata kanuni ya pamoja ya UVC. Tangu hapo kamera nyingi za USB zimetambuliwa mara tu zinapochomekwa, bila diski ya kusakinishia.

Upande wa Windows mambo yalikwenda kinyume. Toleo la Vista la biti 64 lilidai kila draiva ya ndani iwe na saini ya kidijitali. Viwanda vingi havikuona faida ya kuandika upya draiva za kamera vilizokwisha kuacha kuziuza. Msaada kwa Windows XP, makao ya mwisho ya kamera nyingi za zamani, ulikoma Aprili 2014.

Lakini mpiga picha wa anga hahitaji kamera peke yake. Ana stendi inayoifuata nyota, kifaa cha kurekebisha ukali wa picha, na gurudumu la vichujio. Mmarekani Elwood Downey alibuni INDI, utaratibu wa kuviamuru vifaa hivyo vyote kwa lugha moja kupitia mtandao. Kila kifaa kina draiva yake ndogo, draiva zote hukaa chini ya seva moja, na anayepiga picha anaweza kuwa kwenye kompyuta nyingine kabisa. Kazi hiyo imeongozwa kwa miaka mingi na Jasem Mutlaq wa Kuwait, aliyeijenga pia Ekos, chombo cha kupigia picha kilichomo ndani ya ramani huria ya anga ya KStars. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012 kwa dola 35, ikawezekana kuifunga kwenye mguu wa darubini na kuiendesha kutoka ndani ya nyumba.

Ndani ya INDI, kamera za mezani hazikusahauliwa. Draiva yake ya V4L2, njia ya Linux ya kusoma video, inazipokea ToUcam na ndugu zake, na hata ile saketi ya Steve Chambers inaijua. Kamera ya Meade DSI ya mwaka 2004 nayo ina draiva yake humo, ingawa jina la Meade limepita kwenye kufilisika mwaka 2019, likanunuliwa na Orion, na Orion yenyewe ikafunga milango mwaka 2024. Kampuni mbili zimeondoka. Kamera bado inafanya kazi.

Anga la nyuzi 3 kusini

Arusha iko nyuzi 3 na dakika 22 hivi kusini mwa ikweta, mita 1,400 juu ya bahari. Kaskazini umesimama Meru wenye zaidi ya mita 4,500, na kusini nchi inafunguka kuelekea nyika ya Wamaasai. Mawingu hupenda miteremko ya kusini yenye migomba na kahawa, lakini ukizunguka mlima kwa barabara ya Namanga hadi Oldonyosambu unakuta nchi kavu iliyo upande usiopata mvua nyingi.

Zawadi kubwa ya mahali hapa ni njia ya sayari. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, kila sayari inapofika juu kabisa hupita takriban nyuzi 60 au zaidi juu ya upeo wa macho. Mwaka 2018 Zohali ilipita London ikiwa takriban nyuzi 16 tu, ikitazamwa kupitia hewa nzito ya karibu na ardhi. Arusha ilipita takriban nyuzi 71. Kwa picha za sayari, hewa iliyotulia na urefu wa sayari juu ya upeo vinazidi bei ya kamera. Ndiyo maana kamera ya mezani ya miaka 20 iliyopita, ikiwa juu ya darubini ya kadiri chini ya Meru, ina nafasi ambayo kamera mpya ya Ulaya haikuwa nayo mwaka ule.

Mahali hapa pana ugumu wake pia. Nyota ya Kaskazini haionekani, na ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 3 tu juu ya upeo, nyuma ya paa, migunga au vumbi. Stendi nyingi za bei nafuu hazikuundwa kulala kiasi hicho. Kwa sayari hilo halizuii kazi, kwa kuwa video ni ya dakika chache. Kwa nebula na galaksi linazuia, na hapo programu huria husaidia tena: Ekos hupiga picha za nyota, hulinganisha sura zake na orodha ya anga kujua hasa darubini inaelekea wapi, na matoleo ya karibuni humwongoza mtu kupanga stendi bila kuiona ncha yenyewe.

Watu wa kulitazama anga hili wapo. Mradi wa Telescopes to Tanzania wa shirika la Astronomers Without Borders, ulioanzishwa na Chuck na Susan Ruehle, ulileta darubini na mafunzo kwa walimu wa mkoa wa Arusha. Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012 jua lilichomoza Tanzania likiwa na doa la Zuhura usoni, na doa hilo likatoka kidogo kabla ya saa 2. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, likaonekana kama pete huko Rujewa, Mbeya, ambako Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, aliyeandika miaka mingi magazetini kuhusu anga, alikuwa mstari wa mbele kuwaelimisha watu. Arusha ilipata sehemu ya kivuli hicho.

Mahali uhuria unapokoma

Historia hii isisomwe kama hadithi ya ushindi kamili. Msimbo huria nao huzeeka. Mwaka 2011 Linux iliondoa njia ya zamani ya kusoma video, V4L1, na programu za anga zilizoitegemea zingekwama kama watu kama Hans de Goede wasingejenga daraja na kuifanyia draiva ya pwc marekebisho makubwa. Programu ikikosa mtu wa kuitunza hufa hata ikiwa wazi.

Zaidi ya hayo, kamera nyingi za kisasa za anga huja na maktaba ya kiwanda iliyofungwa, na draiva ya INDI huizunguka kwa nje tu. Leo inafanya kazi. Siku kampuni itakapoacha kuitoa kwa aina mpya za kompyuta, tutarudi Agosti 2004. Anayechagua kamera kwa ajili ya shule, au anayepokea msaada, aulize swali hili mapema: je, draiva yake inaweza kuandikwa upya na mtu mwingine?

Arusha inalijua jibu kwa njia yake. Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika mjini hapa, mengine yakiwa yameundwa kabla madereva wake hawajazaliwa. Yanatembea kwa sababu fundi yeyote anaweza kufungua boneti, akaona kila kitu, akachonga kipuri kinachokosekana. Kamera ya ToUcam inafanya kazi mwaka huu kwa sababu hiyohiyo.

Tarehe 21 Mei 2031 pete ya jua itapita tena juu ya ardhi ya Tanzania, upande wa kusini. Jua halihitaji kamera ghali: linahitaji kichujio salama mbele ya darubini, kamera ndogo, kompyuta ya mtumba yenye Linux, na mwanafunzi aliyefundishwa kuviunganisha. Kichujio kinanunuliwa. Kamera na kompyuta vimo makabatini, katika shule na nyumba zetu. Kilichobaki ni kumfundisha huyo mwanafunzi, na kumfundisha kikamilifu: asiishie kubofya kitufe cha kurekodi, bali afungue draiva, aisome, na ajue kwamba ana ruhusa ya kuirekebisha. Darubini tumezipokea kutoka kwa wengine. Ufundi wa kuzifanya ziendelee kuona ni wajibu wetu, na vitabu vyake viko wazi.